Venia ya baba: maoni yangu baada ya miezi minane ya kuitumia

Wengi huandika maoni kuhusu kifaa wiki ileile waliyokitoa kwenye boksi. Mimi naandika kuhusu kifaa kilichoanza kazi kabla sijazaliwa. Ni venia, yaani kifaa cha mkono cha kupimia unene, kipenyo na kina, ya milimita 150, ya chuma kisichoshika kutu, isiyo na betri wala kioo cha namba. Ilikuwa ya marehemu baba, fundi fita wa kiwandani, yaani fundi wa kufunga na kurekebisha mashine. Tangu afariki, miezi minane sasa, ndiyo ninayokwenda nayo kazini, maana mimi pia ni fita.

Nianze na kifaa chenyewe. Kipimio kikuu kimechorwa milimita kwa milimita. Juu yake kinateleza kipimio kidogo chenye nafasi 50 zilizoenezwa kwenye milimita 49, kwa hiyo kila nafasi imepungua milimita moja kamili kwa 0.02. Unatafuta mstari mmoja uliokutana sawasawa na mwenzake wa upande wa pili, na hapo ndipo penye jibu. Mbinu hiyo aliieleza Mfaransa Pierre Vernier mwaka 1631, na jina lake ndilo lililobaki midomoni mwa mafundi hadi leo. Taya kubwa hupima nje, taya ndogo za juu hupima ndani ya tundu, na kijiti chembamba kinachotokea mkiani hupima kina. Kazi tatu kwa kifaa kimoja kinachoingia mfuko wa ovaroli.

Nilipoichukua nilifanya jaribio alilonifundisha mwenyewe: funga taya, inua juu kwenye mwanga, tazama. Mwanga haukupita hata kwenye ncha. Sifuri ilikaa juu ya sifuri. Kwa kifaa cha umri huo, hali hiyo haiji kwa bahati. Nimeona mafundi wanaotumia ncha za taya kuchora mistari kwenye chuma, na wengine wanapima kipande kikiwa bado kinazunguka kwenye mashine ya kukereza. Baba hakufanya hivyo hata mara moja. Aliifuta kwa kitambaa laini kabla ya kupima na baada ya kupima, akaitia tone la mafuta kila Ijumaa, na alibana taya kwa kidole gumba peke yake. "Hii si spana, mama," aliniambia. "Ukiilazimisha itakupa jibu unalolitaka, halafu kazi ndiyo itakayosema ukweli."

Nilikuwa na miaka kumi na miwili nilipoisoma kwa mara ya kwanza. Kijana wa jirani alitumia kiti cha magurudumu, na gurudumu dogo la mbele lilikuwa likitikisika kiasi kwamba kwenye kona mama yake alilazimika kukiinua kiti chote. Watu walikuwa wameshazungushia ekseli kipande cha bati la kopo ili ibane. Baba alikuja kutoka zamu ya usiku, akanawa mikono kwa sabuni na vumbi la mbao kama kawaida yake, maana hakutaka kutugusa akiwa na grisi, kisha badala ya kwenda kulala akachuchumaa mbele ya kile kiti. Aliondoa bati. Akachomoa ekseli. Beringi ilikuwa 608, ile ndogo yenye tundu la milimita 8 na kipenyo cha nje cha milimita 22. Akanikabidhi venia.

"Soma."

Nilisoma 7.86. Akaniambia nigeuze ekseli robo mzunguko nisome tena: 7.80. Halafu katikati, halafu upande wa pili. Alinieleza kwamba chuma kilicholika hakiliki sawasawa. Hugeuka yai, na anayepima mara moja tu amepima bahati yake. Nilimuuliza kwa nini asikaze tu kwa bati jipya, maana kijana alikuwa akisubiri na baba hakuwa amelala. Akasema, "Kule kiwandani mota ikitikisika hivi tunasimamisha laini nzima. Huyu amekalia mtikisiko huu kutwa." Jumamosi alimwomba msimamizi wake ruhusa ya kutumia mashine ya kukereza na kipande cha chuma kilichokwisha tupwa, akatengeneza ekseli mpya ya 7.98. Ilipotoka mashineni hakuipima papo hapo. Aliiacha ipoe, kwa sababu chuma chenye joto kimetanuka, na vipimo vya uhandisi huhesabiwa kwa nyuzi 20 za Selsiasi. Kwa pini nyembamba ile tofauti ingekuwa ndogo mno, lakini kwa kipande cha milimita 100 kilicho na joto la nyuzi 60 tayari umekosea kwa karibu 0.05. Kupoa kwanza ilikuwa desturi yake kwa kazi zote, ya mwajiri na ya jirani.

Jambo hilo ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Wapo watu wema wanaosaidia kwa haraka, na msaada wao ni msaada. Baba yeye alikuwa na kipimo kimoja tu. Asiyelipa alipata 0.02 ileile aliyopata mwenye kiwanda.

Pamoja na venia aliacha daftari la kurasa 96, lenye jalada lililoloa mafuta. Amelichora safu kwa mkono: tarehe, kifaa, kipimo, na alama ya vema kazi ilipoisha. Pampu ya maji ya mtaa, sili 25 kwa 47 kwa 7. Magongo ya mzee, pini 6. Cherehani ya mama, imeandikwa mara nne. Feni ya zahanati, beringi 6203. Madawati, yote kwa siku moja, bolti 8. Nimelisoma mwanzo hadi mwisho nikitafuta safu ya malipo, haipo. Nilimuuliza mama. Akasema kulikuwa na siku alitamani iwepo, na kwamba walizungumza, na kwamba mshahara wa kiwandani ulifika nyumbani wote kila mwezi bila kupungua, kwa hiyo Jumamosi akamwachia. Nadhani ilimgharimu mama kuliko alivyotaka kunieleza.

Sasa mapungufu, maana yapo. Mistari ni midogo. Kwenye mwanga hafifu, chini ya mashine, kupambanua kama ni 0.42 au 0.44 ni taabu, na ukitazama kwa pembeni badala ya moja kwa moja utasoma uongo. Kwa kazi ya beringi kubwa zinazoingizwa kwa kubana, venia haitoshi. Chukua mikromita, ambayo skrubu yake inakupa 0.01 na inabana kwenye mstari uleule inaopima, wakati taya za venia hupima pembeni ya kipimio, na taya ikilegea kidogo tu kosa linaingia. Skrubu ya kukazia kwenye yangu imeanza kuteleza uzi. Na kwa macho ya mtu mzima, kifaa hiki ni kigumu kweli.

Macho ya baba yalipoanza kufifia nilimnunulia ya kidijitali. Aliipokea kwa mikono miwili na aliitumia. Ni nzuri kwa kazi ya kurudiarudia, inasomeka mbali, na unaweza kuiweka sifuri popote. Ubaya wake ni kwamba nyingi huendelea kunyonya betri hata zikizimwa, kwa sababu kitambuzi ndani hakilali. Mara mbili ilimfia katikati ya kazi ya watu. Baada ya hapo akawa anabeba zote mbili, na miaka yake ya mwisho alinipigia simu nipite jioni nimsomee mistari. Alishika kifaa yeye, mimi nikasoma. Nilikuwa nimeshakuwa fita wa miaka tisa, lakini jioni zile nilirudi kuwa wa miaka kumi na miwili, na nilizipenda.

Ukitaka kununua, ya mkono au ya dijitali, mpya au iliyotumika, usitazame kung'aa. Funga taya uzitazame kwenye mwanga. Zisukume mwanzo hadi mwisho: zikikwama mahali au zikicheza, iache. Beba beringi mpya yoyote mfukoni, kwa mfano 6204, ambayo tundu lake ni 20 na nje ni 47, upime hapo hapo dukani. (Baba alinifundisha pia kwamba tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa 5 unapata tundu, kuanzia 04 kwenda juu. Imeniokolea muda mwingi.) Niliwahi kununua ya bei ya chini kwa muuzaji ambaye sitamtaja, iliandikwa haishiki kutu, na mwezi wa pili ilikuwa na madoa ya kahawia kwenye taya. Hii ya baba ningeipa alama zote, ukitoa ile skrubu.

Ukurasa wa mwisho wa daftari ulikuwa na kazi moja isiyo na alama ya vema. Mwandiko umetetemeka: bawaba ya geti la shule, pini 16, tundu limelika, 17.3. Nilikwenda Jumamosi iliyofuata baada ya kuligundua. Geti lilikuwa likiburutwa chini na watoto wawili kila asubuhi, na lilikuwa limechimba mfereji wa upinde kwenye udongo. Nilifuta taya, nikapima, nikazungusha robo, nikapima tena. Tundu lilikuwa limefika 17.64 upande mmoja na 17.5 upande wa pili. Nililipanua hadi 20 ili liwe duara tena, nikakereza bushi (kibomba kifupi cha kuvika ndani ya tundu) ya shaba nyeusi yenye tundu la 16.1, nikaiacha ipoe, nikaipima, nikaigonga ndani kwa nyundo ya mbao. Mlinzi alilisukuma geti kwa kidole kimoja likaenda lote.

Nilikaa kwenye ngazi za shule nikafungua daftari. Nikaweka vema kwa kalamu yake, na kwenye mstari wa chini nikaandika tarehe ya kazi inayofuata: bomba la bustani ya zahanati, ambalo mlinzi alinionyesha nilipokuwa nafunga begi.