IMDb na namna inavyopima umaarufu wa filamu

Ninachokithamini zaidi katika IMDb, tovuti ya taarifa za filamu ambapo watumiaji huzipigia filamu kura, ni kwamba inatenganisha umaarufu na ubora. Cheo cha umaarufu, ambacho hubadilika kila wiki, hutokana hasa na wingi wa watu wanaofungua ukurasa wa filamu, kwa hiyo hata filamu inayolaumiwa na wengi inaweza kupanda juu kwa sababu tu inazungumzwa. Orodha ya filamu 250 bora, kwa upande wake, hudai angalau kura 25,000 na hutumia wastani wenye uzito, yaani usiozipa kura zote nguvu sawa, ili filamu iliyosifiwa na mashabiki wachache isiipite ile iliyopimwa na umati. Utaratibu huu naupenda kwa dhati. Kinachonisikitisha ni kwamba kanuni kamili ya kupunguza nguvu ya kura zinazotiliwa shaka haitangazwi.