Saturn V ya kuunganisha, kipimo cha 1/144: umbo zuri, karatasi ya rangi imekosea

Nimemaliza jana usiku kuunganisha mfano mdogo wa Saturn V, roketi iliyowapeleka wanaanga mwezini, baada ya wiki tano za gundi na msasa. Imesimama mezani, urefu wake karibu sentimita 77, na kila nikipita lazima niitazame. Ukiniuliza, inunue. Ila ile karatasi ya maelekezo ya rangi iliyomo kwenye boksi usiifuate.

Plastiki ni safi, vipande vinaingiana bila kulazimishwa. Nilijaza ufa mmoja tu, kwenye mshono wa hatua ya kwanza, yaani sehemu ya chini kabisa ya roketi. Stika ni za kulowekwa, na zile herufi nyekundu ndefu zilikaa sawa bila kuchanika.

Sasa rangi. Boksi limeandikwa Apollo 11, safari ya kwanza kutua watu mwezini, lakini karatasi inakuelekeza upige weusi hadi kwenye ile sehemu iliyo kati ya matangi mawili ya hatua ya kwanza, la oksijeni juu na la mafuta ya taa chini. Nilitii. Nilipoilinganisha na picha za tarehe 16 Julai 1969, siku Apollo 11 iliporuka, nikakuta pale ni peupe. Usiku mbili nzima zikaishia kwenye kuusugua weusi ule.

Iliyokuwa na weusi pale ni 500F, Saturn V iliyotolewa nje kule kituo cha anga cha Kennedy, Florida, Mei 1966 ili kujaribia mitambo ya kurushia. Yenyewe haikuruka. Weusi ulifyonza jua na sehemu ile ikapata joto kupita kiasi, ndiyo maana zile zilizoruka zikapigwa nyeupe. Nililielewa jambo hili kwa vidole. Niliianika dirishani ikauke, na baada ya muda mfupi weusi ulikuwa wa moto huku weupe ulio kando yake ukiwa vuguvugu tu. Fikiria basi roketi ya mita 110 imesimama juani saa nyingi, na ndani yake kuna oksijeni ya nyuzi 183 chini ya sifuri na haidrojeni ya nyuzi 253 chini ya sifuri.

Kwa nini basi weusi haukuondolewa wote? Kabla sijapiga mabaka meusi niliishika roketi ikiwa nyeupe tupu, nikaizungusha polepole chini ya taa. Macho hayakuambulia kitu: silinda nyeupe inayozunguka na iliyotulia zinafanana kabisa. Nilipomaliza mabaka nikaizungusha tena, na safari hii kila robo ya mzunguko ilionekana wazi, weusi unaingia, weupe unatoka. Waliokuwa chini na kamera zao walihitaji hilo hasa, wajue roketi inajizungusha kiasi gani inapopanda. Mtindo wenyewe ni wa zamani. V-2, makombora ya Ujerumani, zilipojaribiwa kule Peenemünde mwaka 1942 zilikuwa na miraba myeusi na myeupe, na Wernher von Braun aliyeongoza kazi ile ndiye baadaye aliyeongoza utengenezaji wa Saturn V huko Marekani. Kwa hiyo baka likikaa mahali pasipo pake, kwangu hilo si kosa dogo. Kila baka lilikuwa na kazi.

Niliwahi kuunganisha mfano wa Space Shuttle, chombo cha anga cha Marekani chenye mabawa, wa mtengenezaji mwingine, na karatasi yake ilikuwa ya mtu anayejua. Ilieleza kwamba tangi kubwa la nje lilikuwa jeupe katika safari mbili za mwaka 1981 tu. Kuanzia safari ya tatu, Machi 1982, waliacha kulipaka, wakapunguza uzito wa kilo 270 hivi. Ile rangi ya chungwa tunayoiona ni povu la kuhami baridi lenyewe, ambalo hutoka likiwa limepauka kisha hukolea kwa jua. Maelezo mafupi kama hayo yangetosha kabisa kwenye boksi hili.

Ukiinunua, piga nyeupe yote kwanza, iache siku mbili, kisha zungushia utepe wa karatasi na upige nyeusi isiyong'aa kwa kufuata picha za siku ile ya Julai. Bonyeza kingo za utepe kwa ukucha, la sivyo rangi itapenya chini yake. Na kama umeshapiga ule weusi wa juu na huna moyo wa kusugua, acha hivyo hivyo. Badilisha kibao tu, uandike 500F, 1966.