Baada ya Altezza: miezi minane na Subaru Forester ya manyuo, Arusha

Funguo za Toyota Altezza yangu nilimkabidhi kijana mmoja wa Moshi, Jumamosi asubuhi, kwenye kituo cha mafuta karibu na mataa ya Sanawari. Simu ikalia, milioni tisa na laki mbili zimeingia. Akakaa, akavuta kiti mbele, akawasha, akaachia klachi. Ikazima. Akawasha tena, ikazima tena. Nikamwendea dirishani: "Mdogo wangu, klachi ya hii inashika juu kabisa. Halafu usiidokolee mafuta kama IST, ipe." Mara ya tatu ikakubali. Nikabaki nimesimama naisikiliza inapandisha gia kuelekea Tengeru mpaka bodaboda wakaifunika sauti. Mama watoto alikuwa ananisubiri ndani ya bajaji. Hakusema kitu, na nilimshukuru kwa hilo.

Naandika kwa sababu kabla ya kuuza nilitafuta sana mtu wa hapa Arusha aelezee alichonunua baada ya gari ya aina hiyo, nikaishia kusoma ya watu wa Dar. Dar hakuna mawe ya Moshono ninakokaa, na hewa yake si ya huku. Nitalirudia hilo la hewa.

Yangu ilikuwa RS200, ile ya injini ya 3S-GE, siyo AS200 yenye silinda sita. Mjini zote zinaitwa Altezza na basi, ila ukishaendesha ya silinda nne yenye manyuo (gia za kubadilisha kwa mkono) ya gia sita huchanganyi tena. Cc 1998, turbo hakuna, nguvu za farasi 210 injini ikiwa kwenye mizunguko 7600 kwa dakika. Chini ya mizunguko 4000 ni gari ya mwalimu mkuu anayewahi ibada. Ukivuka 6000 inabadilika tabia. Niliipenda mno, pamoja na vile vimita vidogo vitatu walivyovipachika ndani ya duara la spidi kama saa ya mkononi. Miaka sita na nusu sikuchoka kuviangalia.

Kilichoniuzisha si injini. Kutoka lami mpaka getini kwangu ni kama mita mia saba za mawe, yale meusi yenye ncha yanayotoka ardhini kila masika. Mwaka jana mwezi wa Nne nilirudi usiku, mvua imechimba mtaro mpya katikati ya njia, nikasikia "kong!" chini ya miguu. Asubuhi oili yote iko uwanjani na sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ina tundu la kupitisha kidole. Wakati huohuo tulikuwa na mtoto wa pili wa miezi mitatu. Hesabu ikajipiga yenyewe.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kutafuta ndugu wa Altezza. Nikajiambia: matairi ya nyuma ndiyo yasukume, iwe ya manyuo, iwe chini. Kwa hiyo Toyota 86. Nilishuka Dar kikazi nikaiona moja, nikakaa ndani, nikashika gia, na ninakiri mikono ilitetemeka kidogo. Kisha nikageuka kuangalia kiti cha nyuma. Kile si kiti, ni mahali pa kuwekea koti. Na tumbo la gari liko sentimita 13 kutoka chini, wakati mimi ndiyo kwanza nimetoka kuziba sampu.

Hata hivyo nilipiga hesabu ya kuagiza ya mwaka 2013, maana moyo ulikuwa haujakubali. Ushuru wa forodha asilimia 25. Ushuru wa bidhaa asilimia 5, nafuu kwa kuwa injini haijavuka cc 2000. Halafu uzee: gari ikishapita miaka kumi unaongezewa asilimia 30. Juu ya mlima huo wote ndipo inakaa VAT ya asilimia 18. Ukimaliza kujumlisha, kodi inakaribia kulingana na bei ya gari pamoja na usafiri mpaka bandarini. Unanunua gari mbili, unaendesha moja. Nikafunga simu.

Mark X nilikaa nayo siku nne, ya shemeji, ile ya toleo la kwanza, injini ya lita 2.5. Sitaki kuisema vibaya kwa sababu ni gari nzuri na ina V6 ya farasi 215. Inaenda. Tatizo inaenda bila kukushirikisha. Unakanyaga, giaboksi inafikiri kidogo, inachagua gia, mara uko 120, na huna kumbukumbu ya ulivyofika pale. Nilienda nayo Boma Ng'ombe na kurudi, na kitu pekee ninachokikumbuka ni askari wa Kikatiti aliyenionyesha tochi yake: 71 kwenye 50. Elfu thelathini. Kwenye Altezza ningejua niko 71, kelele zingeniambia. Fundi naye akaniongezea kwamba hizo injini za Mark X, za 4GR, zinapuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda, hivyo valvu za kuingizia hewa hazioshwi na mafuta na zinajaza masizi. Ukiikuta inatetemeka ikiwa imesimama, jua kuna kazi ya kufungua juu. Kwa mtu wa safari ndefu na abiria wazee, ninaipendekeza bila kusita. Shemeji mwenyewe hataki kusikia nyingine.

Golf GTI niliiacha mapema. Niliiuliza gereji tatu hapa mjini na zote tatu zilicheka kwanza ndipo zikajibu.

Sasa hewa. Arusha tuko kama mita 1,400 juu ya bahari. Injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi na hakuna cha ziada cha kuisukuma ndani. Zile farasi 210 za Altezza, kwangu Moshono hazikuwahi kuwepo. Ilibaki kama 180. Nililijua hilo mwilini kabla sijalijua kwa hesabu: kila nilipoteremka Tanga gari ilikuwa inaamka, nami nadhani ni petroli ya huko. Turbo haidaiwi kiasi hicho, kwa kuwa inaikandamiza hewa kabla ya kuiingiza. Kwa miaka sita nilikuwa nimependa gari iliyotengenezewa usawa wa bahari, tena naipandisha mlima wa Mto wa Mbu na watu wanne ndani.

Aliyenifungua macho ni fundi wangu wa mtaa wa Unga Ltd, mtu mzima, hapendi maneno mengi. Nilikuwa namlilia kuhusu 86 akaniuliza, "Kaka, wewe hasa unakumbuka nini kwenye ile gari? Usiniambie rangi." Nikamwambia gia ya tatu, kwenye kona, kupanda. Akasema, "Basi hutafuti gari ya chini. Unatafuta manyuo inayovuta. Nunua Subaru uache kunisumbua."

Forester niliyoipata ni SG5 (toleo la pili) ya XT, yaani yenye turbo, ya 2004, yenye tundu la hewa juu ya boneti na manyuo ya gia tano. Ilikuwa Usa River kwa mzee mmoja mstaafu aliyenunuliwa gari hiyo na mwanawe na hakuwahi kuelewana na turbo. Injini EJ20 ya turbo, farasi 220. Namba hiyo haina maana sana. Yenye maana ni kwamba mvuto wake mkubwa unakuja kwenye mizunguko 3600, wakati Altezza ulikuwa unausubiri mpaka 6400.

Fundi alivyoikagua nitaeleza kwa urefu kidogo, maana hapo ndipo watu wanapigwa. Alimpigia mzee simu usiku kabla: "Shikamoo mzee. Kesho naomba usiiwashe mpaka tufike." Tulipofika aliweka kiganja kwenye boneti kwanza, ya baridi. Akafungua kifuniko cha rejeta, akaniambia niwashe, akainama anaangalia maji kama mtu anayesubiri samaki. Mapovu yakiendelea kutoka, gasketi ya hedi imeanza kuachia. Hayakuendelea. Akavuta kijiti cha oili, akakinusa, akakifuta kwenye suruali. Akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye bloku, mpini sikioni, akafumba macho, akasikiliza upande mmoja kisha wa pili. Halafu akaingia yeye, akakata stelingi mpaka mwisho na kuzunguka uwanja wa mzee taratibu, mara tatu kulia, mara tatu kushoto, kuku wanakimbia. Hizi za manyuo zina kifaa katikati kinachogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, na mtu akichanganya matairi mapya na yaliyokwisha kinaungua. Kikiungua, kwenye kona kali utaona gari inajivuta kama mtu amekanyaga breki. Yetu ilizunguka laini. Mwisho akaweka gia ya nne, akavuta hendibreki, akaachia klachi. Ikazima papo hapo, maana yake klachi bado inang'ata.

Nikaingiza namba ya gari kwenye mfumo wa faini, zikatoka tatu ambazo hazijalipwa. Mzee akasonya, akataja jina la mwanawe, akazilipa palepale. Tulikubaliana milioni kumi na mbili. Siku hiyohiyo ikaingia gereji kubadilishiwa mkanda wa taimingi, pampu ya maji na tensheni, kwa sababu mkanda ni wa kilomita laki moja na hakuna aliyejua wa mwisho ulifungwa lini. Ukikatika kwenye injini hii valvu zinagongana na pistoni. Tenga hela hiyo kabla hujalipia gari yenyewe.

Miezi minane sasa. Yale mawe ya mita mia saba nayapita kwa gia ya pili huku naongea. Mwezi wa Tano, mvua ikiwa imeharibu kabisa, jirani mwenye Crown aliacha gari yake lami siku nne na kutembea kwa miguu, viatu mkononi. Mimi nilimpa lifti.

Mto wa Mbu niliupanda mwezi wa Pili tukienda msiba Karatu, watu wanne na mtoto, viroba viwili vya mchele nyuma. Kwa Altezza pale ilikuwa gia ya pili, mizunguko 6000, mama watoto ameshika mkono wa mlango. Forester iliingia kona ya kwanza kwa tatu, nikakanyaga, kukawa na sekunde moja ya kimya, kisha turbo ikashika na kilima kikaanza kurudi nyuma. Tulifika pale juu watalii wanapopigia picha Ziwa Manyara bado niko kwenye tatu. Mkwe wangu, ambaye huwa hasifii kitu, alisema, "Hii inapanda."

Lakini si Altezza, na anayesema amepata zote mbili anajidanganya. Kwenye kona inalala. Stelingi yake inakuambia nusu ya yale ambayo Altezza ingekuambia. Gia zinaingia kwa mkono mrefu, kama unakoroga ugali wa watu wengi. Na ile raha ya kupandisha mizunguko mpaka juu kabisa haipo, ikifika 6000 imeshamaliza habari zake. Siku za kwanza nilikuwa naibana kwa mazoea nasikia inaguna tu. Nilichukua kama mwezi kujifunza kubadilisha mapema.

Mafuta: Altezza ilinipa kilomita tisa na kitu kwa lita, hii inanipa nane nikiwa mstaarabu, na nikienda Moshi peke yangu tuiache hiyo habari. Madirisha hayana fremu, kwa hiyo ukipita 100 kuna upepo unapiga mluzi karibu na sikio la kulia. Nimebadilisha mpira, bado. Plagi nazo zimelala ubavuni mwa injini, zimebanwa na chasisi, fundi anatoza zaidi kuzibadilisha na ukiona mikwaruzo ya mikono yake hubishani. Spea zinapatikana mjini hapa, nyingi za kuchomolewa kwenye gari nyingine, ila za turbo yenyewe subiri Dar au Nairobi. Oili naipima kila Jumapili, si hiari.

Kubwa zaidi ni nyuma. Shokapu za nyuma zilikuwa zile za kujisawazisha zenyewe, na zikichoka zinazama. Yangu ukipakia watu wawili nyuma inakaa kama mbwa anayesubiri mfupa, taa za mbele zinamulika miembe. Mpya za aina ileile bei yake ni ya kukatisha tamaa, kwa hiyo nafunga za kawaida na springi ngumu zaidi. Seti imefika juzi na basi la Dar, iko sebuleni chini ya kochi. Fundi amesema nije Alhamisi, na nije mapema kwa sababu kuna Subaru nyingine mbili mbele yangu.