Kabla ya kununua kiakisi cha baiskeli, kigeuze uone mgongo

Lalamiko ni lilelile, liwe limetoka Mikindani, Nanyamba au Kilwa Masoko. Kiakisi mwanga kilifungwa kikiwa kipya, kikang'aa wiki mbili tatu, halafu usiku mmoja dereva wa lori akapiga honi ya hasira akiwa ameshafika mgongoni. Mwenye baiskeli anashuka, anamulika nyuma kwa tochi ya simu, anaiona plastiki nyekundu ipo palepale, haijavunjika wala kulegea, ila haijibu. Imekaa kama jicho la samaki wa juzi.

Muuzaji atakwambia ni vumbi, kifute. Futa mpaka uchoke, hakitarudi. Ugonjwa hauko usoni, uko mgongoni, na hilo ndilo jambo ambalo dukani hakuna anayelitaja. Kwa hiyo hapa hakuna habari ya kipi kikubwa wala kipi kinapendeza. Nyuma chekundu, mbele cheupe, kwenye pedeli rangi ya machungwa, hayo yaishe. Tuzungumze maji.

Shika kiakisi kizuri karibu na jicho. Uso wake wa mbele ni laini, lakini ndani unaona meno madogo madogo yamejipanga kama sega la nyuki. Kila jino ni kona ya kisanduku, kuta tatu zimekutana kwa pembe mraba. Mwanga wa taa za gari unapita usoni, unagonga ukuta wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha unarudi kulekule ulikotoka. Kuta hizo hazijapakwa kitu chochote. Kinachozifanya ziwe kioo ni hewa iliyo nyuma yake. Akriliki ikipakana na hewa, mwanga unaougonga ukuta kwa zaidi ya nyuzi 42 hautoki nje, unarudishwa wote; na kwenye kona hizi unagonga kwa nyuzi 55 hivi, basi unarudi. Weka maji mahali pa hewa, kiwango kinapanda hadi nyuzi 63. Zile 55 hazitoshi tena. Mwanga unapenya, unafia ndani ya kifuniko cha mgongoni, dereva haoni kitu.

Ukitaka kuliona kwa macho yako, tafuta kiakisi kilichobanduka kifuniko, dondoshea tone moja la maji kwenye meno yale, kigeuze umulike. Litatokea doa jeusi lenye umbo la tone lenyewe, na pembeni yake kote kunang'aa kama kawaida. Kikikauka, doa linaondoka. Maji ya pwani yetu hayana huruma hiyo: yakikauka yanaacha chumvi imeshikana na meno, na chumvi inavuta unyevu upya kila alfajiri. Kwa wanaobeba salfa kwenda shambani msimu wa kupulizia mikorosho ni balaa jingine, maana unga ule ni laini mno, ukipata ufa na unyevu unageuka uji wa njano mahali ambapo kitambaa hakifiki.

Maji yanaingiaje wakati hakuna aliyekitumbukiza mtoni? Kinapumua. Mchana baiskeli imeegeshwa juani, hewa iliyo ndani inapanuka na kutoka kupitia ufa wa kifuniko. Jioni ikinyesha au umande ukishuka, hewa inasinyaa na kuvuta ndani chochote kilicho pembeni ya ufa. Hii ndiyo sababu Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 3, inayohusu viakisi vya vyombo vya barabarani, inavipima kwa maji ya moto na baridi, na kipimo chenyewe kinafanyika hata uani. Andaa mabeseni mawili. La kwanza liwe na maji ya nyuzijoto 50 hivi, yale ambayo mkono unayavumilia kwa shida. Zamisha kiakisi, maji yakifunike kwa upana wa kidole gumba, dakika 10. Kigeuze, dakika 10 nyingine. Vipovu vikipanda kutoka ukingoni, jibu umeshapata. Visipopanda, kitoe na kukitia papo hapo kwenye beseni la maji ya kawaida, maana pale kinapopoa ghafla ndipo kinavuta. Kifute, mulika. Ukungu au doa jeusi maana yake kifuniko kimebandikwa, hakikuchomelewa. Nunua kimoja kwanza, kipime nyumbani, ndipo urudi kuchukua vingine.

Dukani beseni huna, lakini ukucha unao. Upitishe kwenye mshono wa nyuma: ukizama mahali popote, rudisha. Kisha tazama bolti imetokea wapi. Kwenye viakisi vibaya imechomekwa katikati ya mgongo, na maji yanaifuata bolti kama ngazi. Vizuri vina sikio la pembeni, au bolti iliyoviringwa na plastiki pande zote tangu kiwandani. Mwisho mulika, na tochi iwe ubavuni mwa jicho, si kiunoni. Mwanga unarudi ulikotoka. Ukishika simu kiunoni, kiunoni ndiko unakorudi, nawe utakilaumu kiakisi kisicho na kosa. Hatua 10 zinatosha.

Sasa cha kununua. Kwa nyuma, namba moja ni Busch & Müller cha Ujerumani, na sina haja ya kujifanya natumia mizani sawa. Kifuniko chake kimechomelewa mzunguko mzima, bolti ziko nje ya chumba cha meno, na kinakuja chenyewe kwenye baiskeli za mtumba kutoka Ulaya, kwa sababu sheria ya Ujerumani inadai kila baiskeli iwe na viakisi vilivyoidhinishwa. Tafuta herufi K yenye kiwimbi mbele yake na namba, ndiyo alama ya idhini ya Ujerumani, au herufi E ndani ya duara. Namba iliyo pembeni ya E ni ya nchi iliyoidhinisha: 1 Ujerumani, 4 Uholanzi. Usichanganye na CE, ambayo haimaanishi kwamba mtu alipima mng'ao wake, na ndiyo inayochapwa kwa wingi kwenye vile vinavyokufa mapema. Vingine vya Busch & Müller vimeunganishwa na taa. Taa ikiwa imekufa usikitupe. Kiakisi kilichomo ndani bado ni kizima.

Shida yake ni kukifunga. Matundu ya keria za Ulaya yameachana milimita 80 au 50, na keria ya baiskeli ya Phoenix haina hata moja. Mpe fundi kipande cha bamba la chuma, urefu sentimita 12, atoboe matundu mawili ya kiakisi na mawili ya kushikia, bolti za milimita 5. Kata washa mbili kutoka tyubu kuukuu uweke kati ya chuma na plastiki. Kaza nati kwa mkono mpaka ishike, kisha robo mzunguko kwa spana, basi. Mafundi wengi wanakaza kama wanafunga ekseli, mgongo unapata ufa, na unarudi palepale tulipoanzia.

Kiwekwe wapi? Si juu ya keria. Gunia la mkaa, tenga la samaki, madumu mawili ya maji kule Newala, vyote vinakifunika. Shusha bamba hadi chini ya keria, usawa wa goti, ambako hata taa za gari zilizoinamishwa zinafika vizuri. Kisimame wima. Kikifungwa kwenye mkia wa madigadi bila kunyooshwa kinatazama lami, na meno yale hayarudishi vizuri mwanga unaoingia kwa mshazari mkali.

Ukikosa Busch & Müller, chukua Spanninga cha Uholanzi, nacho kinatoka kwenye mtumba. Tofauti utaiona kwa uchache: masikio yake huvunjika mapema zaidi barabara ikiwa mbaya, kama ile ya vumbi ya kuingia vijijini Tandahimba.

Namba mbili, na kwa wengi ndiyo itakuwa ya kwanza, ni tepu ya malori. Ile ya nyekundu na nyeupe, upana milimita 50, iliyochapwa DOT-C2 juu yake. Hiyo C2 ni upana wake, yaani inchi mbili. Aina za maana zimegawanywa ndani kuwa vyumba vidogo, kila kimoja kimezibwa peke yake, hivyo maji yakiingia pembeni yanaua safu ya ukingoni tu, katikati panabaki. Kata sehemu nyekundu kwa nyuma, nyeupe kwa mbele. Usiizungushe kwenye bomba jembamba la fremu, itanyanyuka ndani ya wiki. Ibandike kwenye kipande cha bati bapa, sentimita 5 kwa 15, kisha bati ndilo lifungwe. Safisha bati kwa spiriti, liache likauke, bandika, sugua kwa mgongo wa kijiko kuanzia katikati kwenda nje, na lisiguse maji hadi kesho yake. Wapo wanaobandika kwenye dumu la njano. Plastiki ya dumu haishiki gundi; itaanguka njiani.

Pedeli zenye viakisi nafasi ya tatu, na zingepanda kama zisingekuwa chini kwenye matope. Nguvu yake ni mwendo. Dereva akiona nukta mbili za machungwa zinapanda na kushuka kwa zamu, anajua ni mtu anayeendesha, hadhani ni nguzo. Uingereza haikuziacha kwa hiari ya mtu: kila baiskeli iliyotengenezwa kuanzia tarehe 1 Oktoba 1985 lazima iwe nazo ikiendeshwa usiku, pamoja na kiakisi chekundu nyuma na taa mbili. Kwenye pedeli angalia kama kiakisi kimeshikwa kwa skrubu au kimechomekwa tu. Cha kuchomeka hakimalizi msimu.

Vya kwenye spoku vinafaa njia panda kama Mingoyo, gari linapokujia ubavuni. Kwa lori linalotoka nyuma havina msaada. Koti la bodaboda ni zuri, ila ile mistari yake ni ya chembe za kioo zilizo wazi, mvua ikiifunika inafifia, na ukiipiga brashi kwenye kufua unazing'oa.

Vile vya duara vya bei ya soda, vinavyoning'inia kwa makumi mlangoni mwa duka: vingi ni plastiki nyekundu yenye karatasi ya fedha nyuma. Havina meno. Pita.

Ukiwa tayari unacho kinachovuja na mfuko hauruhusu, kikaushe kivulini siku tatu, halafu zungushia mshono silikoni ya mafundi wa madirisha ya alumini. Usitumie gundi kali ya matone, mvuke wake unapaka meno ukungu mweupe usiotoka. Usifute kwa petroli wala thina, akriliki inapasuka nyufa za nywele.

Kuhusu sheria, watu wanachanganya kiakisi na taa. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968, kifungu cha 44, unataka baiskeli iwe na breki, kengele, kiakisi chekundu nyuma, na uwezo wa kuonyesha taa nyeupe au ya njano mbele na nyekundu nyuma. Yaani vyote kwa pamoja, kimoja hakilipii kingine. Kwetu Tanzania baiskeli iko chini ya Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, kama vyombo vingine, na trafiki akikusimamisha saa moja usiku hutasema hiki si gari. Kiakisi hakitoi mwanga, kinarudisha wa mwingine. Pikipiki inayokuja imezima taa haikioni, wala mwenye kiakisi haoni shimo lililo mbele yake.

Bei sasa. Korosho zikianza kulipwa, kiakisi kilichokuwa kimekaa rafuni tangu Machi kinapanda bei bila kuguswa, eti mzigo umepanda Dar. Mzigo gani? Vumbi lake ni la mwaka jana. Tepu nayo inauzwa kwa vipande, na muuzaji mjanja anakata katikati ya maandishi na maandishi, unapewa kipande kisicho na DOT-C2, huna cha kujua kama ni yenyewe au ni ya mapambo. Dai kipande chenye chapa, hata kama kitazidi urefu unaotaka.

La kuudhi zaidi ni la baiskeli za mtumba. Inashuka kwenye kontena ikiwa na Busch & Müller yake nyuma na pedeli zenye machungwa, ikifika dukani viakisi vimeshang'olewa, vinauzwa mezani kimoja kimoja kwa bei ya peke yake. Angalia keria: matundu mawili matupu, yameachana milimita 80, na chuma kinachoyazunguka hakijapauka kama kwingine. Hapo palikuwa na kitu. Mwoneshe muuzaji kabla hujatoa hela, akirudishe.