Gotek kwa kompyuta za zamani: inunue, lakini usiitumie kama ilivyotoka kiwandani

Sony iliacha kuuza flopi za inchi 3.5 nchini Japani mwezi Machi 2011. Flopi zilizobaki mikononi mwa wakusanyaji zinazeeka: utando wa sumaku unabanduka, ukungu unaota, na flopi moja chafu inatosha kuchafua kichwa cha draivu nzima. Mwenye Amiga 500, Atari ST au PC ya 486 anahitaji njia nyingine ya kuingiza programu, na kwa bei yake Gotek ndiyo njia rahisi kuliko zote.

Ni kisanduku chenye ukubwa uleule wa draivu ya inchi 3.5. Nyuma kina pini 34 za kebo bapa na pini nne za umeme. Mbele kina tundu la flashi, vitufe viwili na tarakimu tatu za taa nyekundu. Kompyuta inaamini inasoma flopi, kumbe inasoma faili lililomo kwenye flashi. Vifaa hivi vilitengenezwa kwa ajili ya mashine za kudarizi, vinanda vya elektroniki na mitambo ya viwandani, kwa hiyo huenda fundi wa kudarizi mtaani kwako anaifahamu Gotek kuliko fundi kompyuta.

Programu ya ndani inayokuja nayo haimfai mkusanyaji. Inaigawa flashi katika vyumba vyenye namba, inaelewa flopi za mtindo wa PC tu, na flopi ya Amiga ya KB 880 haiitambui. Dawa yake ni FlashFloppy, programu ya bure iliyoandikwa na Keir Fraser. Thamani yote ya kifaa hiki inaanzia hapo.

Kuiweka si kazi ngumu ila inataka utulivu. Fungua kasha usome jina la chipu kwanza, maana faili la chipu za STM32F105 na AT32F415 ni tofauti na la AT32F435. Unganisha pini ya BOOT0 na ile ya volti 3.3 kwa jampa (kiplagi kidogo cha kuunganisha pini mbili), chomoa kebo nyingine zote, kisha iunganishe Gotek na kompyuta ya kisasa kwa kebo ya USB-A pande zote mbili. Kwenye Linux, programu ya dfu-util inamaliza kazi. Chipu hutoka kiwandani ikiwa imefungwa, na kuifungua kunafuta programu ya mwanzo, kwa hiyo hakuna kurudi nyuma. Ukimaliza, ondoa jampa. Wengi huisahau, wanaona tarakimu haziwaki, wanadhani wameua kifaa. Kumbe chipu bado inasubiri kuandikwa. Matoleo mapya baada ya hapo huwekwa kwa flashi: nakili faili moja tu la .upd, bonyeza vitufe vyote viwili, washa umeme.

Hitilafu nyingi zinazolalamikiwa chanzo chake ni jampa za nyuma. Kwa Amiga na Atari ST, jampa ikae S0 (draivu namba sifuri). Kwa PC, ikae S1, kwa sababu kebo ya PC ina nyaya zilizopindishwa kabla ya kiunganishi cha mwisho na draivu zote mbili hutarajiwa kujitambulisha kama namba moja. PC inahitaji pia jampa ya JC, au mstari huu kwenye FF.CFG, faili la mipangilio ya FlashFloppy linalokaa kwenye flashi:

interface = ibmpc

Ukiusahau, utabadilisha diski lakini DOS itaendelea kukuonyesha orodha ya diski iliyopita. Sababu ni pini ya 34: PC inaitegemea kupata taarifa kwamba diski imebadilishwa, ilhali kwenye mpangilio wa pini wa Shugart, unaofuatwa na Amiga, taarifa hiyo hupita pini ya 2.

Taa ya draivu ikiwaka bila kuzimika tangu unapowasha, kebo bapa imegeuzwa. Hilo halina madhara: zima, geuza, washa. Plagi ya umeme ndiyo ya kuogopa. Ina volti 5 upande mmoja na volti 12 upande wa pili, Gotek inatumia 5 pekee, na plagi ikiingia kinyume volti 12 zinafika kwenye chipu. Angalia mara mbili kabla ya kugusa swichi.

Tarakimu tatu zinaonyesha namba tu, na flashi yenye diski mia tatu haiwezekani kuitumia kwa namba. Nunua kioo cha OLED cha inchi 0.91, chenye nukta 128 kwa 32. Kinaunganishwa kwa nyaya nne, FlashFloppy inakitambua yenyewe, na majina ya faili yanaonekana. Kitufe cha kuzungusha kinafaa pia, ila baadhi ya Gotek zenye chipu ndogo hazina pini zake. Kama bado hujanunua, tafuta yenye chipu ya AT32F435. Ina RAM kubwa kuliko zilizotangulia.

Flashi ifomatiwe kwa FAT32. Ya NTFS haisomeki. Flashi ya bei ya chini sana inasoma vizuri lakini inachelewa kuandika, na ucheleweshaji huo kompyuta ya zamani inauona kama flopi mbovu.

Kwa kikundi cha wapenzi wanaoazimana programu, Gotek pekee haitoshi. Inachezesha faili, haiwezi kusoma flopi halisi. Kikundi kinunue pia Greaseweazle moja, kifaa kingine cha Keir Fraser cha kusoma flopi halisi na kuzigeuza faili, pamoja na draivu moja nzima iliyosafishwa kichwa. Flopi ya Amiga inasomwa kwa amri hii:

gw read --format=amiga.amigados jina.adf

Kama mchezo una kinga dhidi ya kunakiliwa, andika jina.scp bila kutaja fomati, ili upate alama za sumaku jinsi zilivyo. Tunza SCP kama hazina, mgawane ADF kwa matumizi. Faili za IPF (nakala za flopi zinazohifadhi kinga) hazichezi moja kwa moja; hubadilishwa kuwa HFE, aina ambayo FlashFloppy inaisoma, na hata hapo baadhi ya kinga hazipiti. Na flashi inayozunguka kwa watu iwekewe mstari wa kuzuia kuandika, write-protect = yes, kwenye FF.CFG. Bila hiyo, mtu mmoja akihifadhi alama zake za mchezo, nakala ya wote imebadilika.

Kwenye Amiga 500 kuna mambo mawili zaidi. Vitufe vya Gotek haviendani na tundu la kasha, na watu wamekata makasha mazima kwa sababu hiyo. Tafadhali usikate, kuna vishikizo vya plastiki vinavyochapishwa kwa printa ya 3D, na kasha likishakatwa halirudi. Pia Kickstart 1.3, programu ya kuwashia iliyo kwenye ROM ya Amiga, kwa upande wa flopi huanzia DF0 (draivu ya ndani) peke yake, hivyo Gotek ya nje inahitaji swichi ya kubadilishana DF0 na DF1. Ukiiweka ndani, ifunge ile draivu ya asili kwenye mfuko wa kuzuia umeme tuli na uiandike ilitoka mashine gani.

Usiinunue kwa Commodore 64. Draivu yake ya 1541 huongea kwa waya wa mfuatano na ina kompyuta yake ndani, hivyo chagua SD2IEC, kifaa kinachochukua nafasi yake, au Pi1541 ikiwa michezo yako hutumia vipakizi vya kasi (programu za kuharakisha usomaji wa diski). Macintosh za flopi za KB 400 na 800 nazo haziko kwenye uwezo wa FlashFloppy ya kawaida. Huko kifaa kinachofaa ni Floppy Emu.