Misimu minne kando ya mto na darubini ya 8x42: uzoefu wangu

Hii ni darubini yangu ya pili ya kutazamia ndege, ya macho mawili. Ya kwanza ilikuwa ndogo, 10x25, na niliichukua kwa sababu ile 10 ilinitia tamaa. Muuzaji aliapa haiingii maji. Masika yale yale, baada ya saa moja ya manyunyu kwenye kijia cha hifadhi, ukungu ukatanda ndani ya lenzi, upande ambao kitambaa hakifiki. Ukungu wa nje unafutika. Wa ndani unausubiri siku mbili, na ukikauka unakuachia madoa.

Ya sasa ni 8x42. Imejazwa naitrojeni na kuzibwa kwa mipira, kwa hiyo ndani hakuna hewa yenye unyevu wa kugeuka ukungu. Nimezunguka nayo mwaka mzima kwenye hifadhi mbili na bustani moja ya kando ya mto, imelowa mara nisizoweza kuhesabu, na ndani bado ni safi.

Namba zenyewe: 8 ni mara ngapi inakuza, 42 ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawanya 42 kwa 8 unapata 5.25, upana wa duara la mwanga linalofika jichoni. Ile ya zamani ilikuwa na 2.5 tu. Saa kumi na mbili asubuhi, chini ya miti mikubwa, ya zamani ilinionyesha kisiki juu ya tawi. Hii ilinionyesha kwamba kisiki kina macho.

Ilinichukua muda kukubali kwamba anayekuza kidogo anaona zaidi. Mkono unatetemeka, na darubini inakuza mtetemo pamoja na ndege. Kiangazi, maji yakiwa yamepungua, nilimkuta mdiria akielea hewani, mabawa yanakwenda mbio lakini kichwa kimetulia kama kimepigiliwa msumari. Akajitupa, akaibuka na kisamaki, akakipigapiga kwenye tawi kabla ya kukimeza. Niliona hadi tone la maji kwenye ncha ya mdomo. Kwa ile ya 10 ningekuwa bado namtafuta.

Kiangazi hicho hicho kina kero yake. Jua likishapanda, hewa juu ya mchanga wa mto inaanza kucheza, na watu wanazungusha gurudumu la kurekebisha picha weee wakidhani chombo kibovu. Ni joto tu, hakuna lenzi inayolituliza. Nenda alfajiri.

Masika majani yanajaa, ndege unawasikia bila kuwaona, nami nikajikuta natazama vya karibu. Inashika kuanzia mita 2: kereng'ende ametua kwenye tete, mishipa ya bawa lake unaihesabu. Sikuinunua kwa ajili hiyo, lakini siku hizi nusu ya muda wangu unaishia hapo.

Sasa lawama. Ina uzito wa gramu 700 hivi, na mkanda uliokuja nayo ni mwembamba, unakata shingo. Nimeweka wa kupita mabegani. Pete ya jicho la kulia, ile ya kusawazisha tofauti ya macho mawili, ni legevu, inazunguka yenyewe ikisuguana na koti, kwa hiyo nimeitia alama kwa rangi ya kucha. Pete hiyo usiipuuze: funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la katikati hadi la kushoto lione vizuri, kisha funga la kushoto na umalizie kwa pete. Mimi nilitumia miezi mitatu bila kujua, nikirudi nyumbani na kichwa kinaniuma.

Naipa nyota nne. Ya tano imeondoka na vifuniko vya mbele, vilivyoshikiliwa na kipande cha mpira tu. Kimoja kiliponyoka nikiwa darajani, mto umefurika. Nilikifuata kwa darubini hadi kilipopotelea kwenye kona.