Kamera ya mtumba kwa harusi za Mwanza: ipi ununue, ipi uache, na jinsi ya kuipima kabla hela haijatoka

Ubishi wa wapiga picha mtandaoni kuhusu kamera mbovu karibu kila mara huanza hela ikishatoka. Mnunuzi anarusha picha yenye madoa, muuzaji anasema ni vumbi tu, wengine wanachagua upande, na hakuna hata mmoja aliyeipima ile kamera. Kwa hiyo kamera hizi za fulufremu (zenye sensa, yaani kipande kinachonasa picha, ya ukubwa wa filamu ya 35mm) hatujazipanga kwa megapikseli. Swali la kwanza ni kama ugonjwa wake unajulikana, na kama unaweza kuuona mwenyewe pale pale kabla ya kulipa.

1. Nikon D610. Ilitoka Oktoba 2013 ikiwa na shata mpya (pazia linalofunguka na kufunga kuingiza mwanga), mwaka mmoja tu baada ya D600, ambayo ni namba 5 hapa chini. Ina megapikseli 24 na nafasi mbili za kadi za SD. Kwa harusi hilo la kadi mbili ni kubwa, maana kadi ikifa ukumbini huwezi kumrudisha bibi harusi mlangoni aingie upya. Shata imepimwa kwa mapigo 150,000, yaani mara za kufunguka na kufunga, na Nikon huandika idadi ya mapigo ndani ya kila picha. Piga JPEG moja, ifungue kwenye programu inayosoma EXIF (taarifa zilizofichwa ndani ya faili la picha), utaiona namba. Muuzaji anayekataa kukupa hiyo JPEG, achana naye. Udhaifu wake ni alama 39 za fokasi zilizosongamana katikati ya fremu.

2. Canon 6D. Ya mwaka 2012, megapikseli 20, kadi moja tu. Alama ya fokasi ya katikati inaona vizuri sana gizani, ila zile 10 za pembeni ni dhaifu, hivyo ukumbini tumia ya katikati kisha panga fremu. Hapa kuna ubishi mmoja wa bure kabisa. Kasi ya mwisho ya shata ya 6D ukitumia flashi ni 1/180 ya sekunde. Ukitumia triga ya redio ya kawaida (kiwashio cha flashi kisicho na waya), kamera haijui kama kuna flashi na itakuacha upige 1/250, halafu unapata ukanda mweusi upande mmoja wa picha. Hiyo shata ni nzima. Shuka 1/160 na ukanda utaondoka. Idadi ya mapigo ya Canon haimo kwenye picha, kwa hiyo nenda na kompyuta, waya wa USB na programu ya kuisoma.

3. Nikon D750. Kwa uwezo ndiyo kamera tamu kuliko hizo mbili za juu, ila imekuwa na magonjwa mawili yaliyothibitishwa na Nikon wenyewe. La kwanza ni mwanga mkali ukikaa juu kidogo ya ukingo wa fremu: mng'ao unaoshuka unakatwa juu kama kwa wembe, unabaki mstari wa giza. Januari 2015 Nikon ilitangaza kuzirekebisha bure. Kwa mpiga picha wa hapa si jambo dogo, kwa sababu picha za maharusi ufukweni jua likizama ziwani ndizo zinazouamsha. Lipime jioni kwa kutumia skrini, usichungulie jua kwenye kitundu: shusha kamera taratibu mpaka jua litoke juu ya fremu, ukipiga kila hatua. La pili ni shata isiyofunguka sawasawa inayotia giza sehemu ya picha. Wito wa kuzirudisha ulianza Julai 2015, ukaja kuongezwa zaidi ya mara moja. Serial namba ya kamera iangalie kwenye tovuti ya Nikon kabla ya kukubaliana bei.

4. Canon 5D Mark III. Kelele zilikuwa nyingi, madhara kidogo. Mwaka 2012 ilionekana kwamba kwenye giza totoro, taa ya skrini ya juu ikiwaka, kipima mwanga kinadanganyika. Zilizohusika ni zile ambazo tarakimu ya sita ya serial namba ni 1 au 2. Kwenye harusi hutaiona kamwe, kwa hiyo mtu asikupandishie bei kwa kuwa yake "imetengenezwa". Tumeishusha nafasi ya nne kwa sababu nyingi zimefanya kazi ngumu miaka mingi, na mapigo yake ni lazima uyahakikishe.

5. Nikon D600. Hii ndiyo mama wa ubishi wote wa madoa. Februari 2013 Nikon ilikiri tatizo hilo la madoa na kushauri kusafisha, na mwaka 2014 ikaahidi kubadilisha shata bure hata kwa kamera zilizopitisha dhamana. Iliyobadilishwa shata ni kamera nzuri, isiyobadilishwa itakuchosha. Kipimo chake ni hiki, na kinafaa kwa kamera yoyote.

Weka apecha (tundu la lenzi linalopitisha mwanga) f/16, ISO 100, fokasi kwa mkono hadi mwisho, elekeza kwenye anga tupu juu ya ziwa, piga. Kuza hadi asilimia 100. Ukikuta madoa, weka modi ya kusafisha sensa, inamisha kamera, puliza kwa pampu ya mpira, piga tena. Vumbi huhama au hutoweka. Mafuta hubaki pale pale. Sasa, bila kufungua lenzi, piga picha 200 mfululizo kisha rudia ile ya anga. Madoa mapya yakijaa kona ya juu kushoto, shata ndiyo inayotema, na hakuna wa kusingizia vumbi la nje maana lenzi haijafunguliwa. Kwenye sensa yenyewe, ukiitazama kwa mbele, uchafu huo uko chini kushoto, kwa sababu lenzi hupindua taswira. Usifungue lenzi ufukweni jioni. Wale wadudu wadogo wa ziwani hufuata taa na huingia ndani.

6. Canon 5D ya mwaka 2005. Kioo chake cha ndani hubanduka gundi na kudondoka. Iache, labda iwe ya kujifunzia.

Shata zote zipime nje, juani, kwa 1/4000 ukielekeza ukuta mweupe. Usizipime dukani chini ya taa. Umeme wetu ni wa 50 Hz, taa nyingi hupepesa mara 100 kwa sekunde, na mistari utakayoiona ni ya taa. Chini ya taa, 1/100 au 1/50 huiondoa.

Lenzi ndiyo inayotia watu hasara zaidi. Canon 24-105 f/4L ya kwanza ina utepe wa waya wa apecha unaokatika kwa kukunjwa kila unapovuta zumu, na kamera inatoa ujumbe wa hitilafu, Err 01. Ujanja uko hapa: kwenye f/4 apecha haisogei, hivyo lenzi mbovu itapiga vizuri mbele yako siku nzima. Weka f/8, piga kwenye 24, kisha 50, kisha 105. Ikigoma sehemu moja tu, utepe umekwisha.

Halafu fangasi, maana unyevu wa ziwa hauna huruma. Toa vifuniko vyote viwili, fungua apecha, mulika tochi kwa upande. Nyuzi zenye matawi ni fangasi. Weupe uliosambaa sawasawa si fangasi, ni utando wa kama moshi (haze). Yenye nyuzi usiihifadhi pamoja na nzima. Ukishanunua, tunza kwenye boksi lisilopitisha hewa lenye silika jeli na kipima unyevu, kibaki kati ya asilimia 40 na 50.

Kamera ikitoka Dar es Salaam kwa basi, taka video isiyokatwa: serial namba, picha ya f/16, picha ya 1/4000. Lipa nusu, nusu ukishaipima stendi Nyegezi. Ya mkononi, andikianeni hati yenye serial namba na siku za kurudisha, ikiwezekana mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa, na kila mmoja abaki na faili halisi ya picha ya majaribio. Usiitume kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, maana inafuta EXIF. Itume kama dokumenti.